Siku legioni zilipoingia Roma: uchambuzi wa kisa cha mwaka 88 KK

Mwaka 88 kabla ya Kristo, Sulla, konsuli wa Roma (mmoja wa watawala wawili waliochaguliwa kwa mwaka mmoja), aliongoza jeshi la Roma kuuteka mji wa Roma. Ilikuwa mara ya kwanza. Wengi wakisimulia kufa kwa jamhuri ile huanzia kwa Julius Caesar kuvuka mto Rubicon na jeshi lake mwaka 49 KK, na kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwishoni. Caesar alipita njia iliyokwisha kufyekwa miaka 39 kabla yake. Atakayetaka kujua jinsi dola yenye sheria, uchaguzi na mahakama inavyofikia kuamuliwa na mapanga, na akichunguze kisa hiki.

Majina ya wakuu nimeyataja kwa kuwa ni ya historia. Wadogo waliotumwa, waliokufa au waliokataa nimewataja kwa kazi zao tu.

Usuli

Kwanza, kura. Raia wa Roma waligawanywa katika makundi 35 yaliyoitwa makabila, ingawa hayakuwa ya ukoo wala ya lugha. Kila kabila lilihesabiwa kura moja, liwe na watu wengi au wachache. Kwa hiyo kuwa raia ilikuwa jambo moja, na kura yako kuwa na uzito jambo jingine.

Kuanzia mwaka 91 KK, miji ya Italia iliyokuwa imewapa Warumi askari kwa vizazi vingi iliasi kwa kunyimwa uraia. Vita hivyo, vinavyoitwa Vita vya Washirika, vilikuwa vya kutisha kwa sababu pande zote mbili zilijifunza kupigana katika jeshi lilelile. Mwaka 90 KK Roma ililegea, ikaanza kugawa uraia. Lakini raia wapya wakasongamanishwa katika makabila machache, ili hata wakiwa maelfu kwa maelfu wasiweze kushinda kura yoyote. Walipewa nyumba wakanyimwa funguo.

Pili, askari. Zamani mtu aliyeingia jeshini alikuwa mkulima mwenye shamba lake, na vita vikiisha alirudi kulima. Mwaka 107 KK Gaius Marius, akiwa konsuli, aliandikisha kwa hiari watu wasio na mali yoyote. Hao vita vikiisha hawakuwa na pa kurudi. Hakukuwa na utaratibu wa serikali wa kuwapa kiinua mgongo wala shamba. Kama jemadari wao alikuwa na ushawishi mjini, alimtafuta tribuni (mtetezi wa wananchi aliyechaguliwa, mwenye haki ya kuleta miswada) wa kupitisha sheria ya ardhi, nao wakapata. Kama hakuwa nao, walirudi mikono mitupu. Askari yeyote mwenye akili alijua mlezi wake ni nani.

Tatu, watu wawili. Marius hakutoka katika familia ya watawala. Alizaliwa kwenye eneo la mji mdogo wa Arpinum, akapanda kwa upanga wake hadi kuwa konsuli mara sita, na ndiye aliyeiokoa Italia na Wateutoni na Wakimbri, wavamizi kutoka kaskazini, mwaka 102 na 101 KK. Lucius Cornelius Sulla alitoka katika ukoo wa kale ulioishiwa. Akiwa kijana alitumika chini ya Marius katika vita vya Numidia, Afrika ya kaskazini, na mwaka 105 KK ndiye aliyekwenda kumpokea mfalme Jugurtha aliyekuwa amesalitiwa na mkwewe Bocchus. Sherehe ya ushindi ikawa ya Marius, lakini Sulla alitengeneza pete ya muhuri yenye picha ya tukio lile akaivaa. Mwaka 91 KK Bocchus akasimamisha sanamu za dhahabu pale Capitolium, kilima cha mahekalu ya Roma, zikimwonyesha Jugurtha akikabidhiwa kwa Sulla. Marius alitaka kuziangusha. Kinyongo kilikuwa cha miaka mingi.

Na nje kulikuwa na moto mwingine. Mithridates, mfalme wa Ponto kwenye Bahari Nyeusi, alilivamia jimbo la Roma lililoitwa Asia (sehemu ya Uturuki ya leo) na kuamuru Warumi na Waitalia waliokaa huko wauawe, wanaume, wanawake na watoto. Waandishi wa kale wanataja watu 80,000, wengine zaidi. Vita dhidi yake vilikuwa vya kulipiza kisasi, na vilikuwa pia vya utajiri, maana mashariki ndiko kulikokuwa na dhahabu. Kila jemadari alivitamani, na kila askari.

Mambo yalivyokwenda

Makonsuli wa mwaka 88 KK walikuwa Sulla na Quintus Pompeius Rufus. Seneti, baraza kuu la dola, ilimpa Sulla vita vya mashariki kwa utaratibu wa kawaida. Jeshi lake, legioni sita (vikosi vikubwa vya askari wa miguu), lilikuwa Campania, kusini mwa Roma, likiuzingira mji wa Nola, mabaki ya Vita vya Washirika.

Mjini Roma tribuni Publius Sulpicius Rufus alileta muswada wa kuwagawa raia wapya katika makabila yote 35. Muswada ulikuwa wa haki. Raia wa zamani waliupinga kwa fujo, kwa mawe na marungu. Makonsuli, kwa kuogopa siku ya kura, walitangaza siku za mapumziko ya dini, ambazo shughuli za umma hazikuruhusiwa. Sulpicius alikuja uwanjani (Forum, uwanja wa mikutano katikati ya mji) na watu wenye visu ndani ya nguo, akawataka makonsuli wafute tangazo lao. Ghasia zikazuka. Pompeius Rufus alitoroka, lakini mwanawe, aliyekuwa mkwe wa Sulla, aliuawa. Sulla akakimbilia nyumba iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa ya Marius. Mwenyewe baadaye aliandika kwamba hakukimbilia, alipelekwa kwa mashauriano. Vyovyote iwavyo, alitoka humo hai, akarudi uwanjani, akafuta mapumziko, akaondoka kwenda kwa jeshi lake.

Muswada ukapita. Na papo hapo Sulpicius akapitisha sheria nyingine: vita dhidi ya Mithridates aondolewe Sulla, apewe Marius. Wakati huo Marius alikuwa na umri wa karibu miaka 70 na hakuwa na cheo chochote. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba kila siku alikwenda Uwanja wa Mars kufanya mazoezi na vijana, ili watu waone bado ana nguvu.

Marius alituma maofisa wawili Campania wakalipokee jeshi. Habari ilikwisha kufika kabla yao. Sulla aliwakusanya askari akawaeleza jinsi yeye, konsuli wao, alivyodhalilishwa. Appian, mwanahistoria wa kale ambaye simulizi lake ndilo lenye maelezo mengi zaidi, anasema hakuthubutu kutamka wazi kilichokuwa moyoni. Aliwaambia tu wawe tayari kutii amri. Wao ndio waliolimalizia neno hilo. Waliogopa kwamba Marius angeandikisha askari wengine na kuwaacha wao na maboma ya Nola. Wakamwambia awaongoze Roma. Maofisa wa Marius walipofika, askari waliwapiga mawe mpaka wakafa.

Maofisa wakuu wa Sulla wakamkimbia. Wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa mtunza hazina, waliondoka kambini kwenda Roma, kwa kuwa hawakuweza kuvumilia kuongoza jeshi dhidi ya mji wao. Askari wa kawaida walibaki. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara naona kwamba hapa ndipo kisa kizima kilipo. Waliokuwa na mali, jina na mustakabali Roma waliondoka. Wasiokuwa na kitu Roma wakasonga mbele.

Njiani wajumbe walimjia Sulla kumwuliza kwa nini anaijia nchi yake na silaha. Akajibu kwamba anakuja kuikomboa na madhalimu. Mapretori wawili, viongozi wa cheo cha chini kidogo ya konsuli, walikwenda kumkataza kwa ukali. Askari walivunja fimbo zao za mamlaka, wakawavua kanzu zao, wakawarudisha mjini wakiwa wameaibishwa. Wajumbe wa mwisho walimsihi asipige kambi karibu na mji wakati Seneti ikitafakari. Akakubali, na walipogeuka tu akawafuata.

Mji haukuwa na jeshi, wala hata polisi. Haukuwa nao kwa makusudi. Mpaka mtakatifu uliouzunguka, uitwao pomerium, haukuvukwa na askari wenye silaha isipokuwa siku ya sherehe ya ushindi. Ulinzi wote wa Roma dhidi ya majemadari wake ulikuwa mwiko.

Sulla aliingia kwa lango la Esquilina, Pompeius Rufus akashika lango la Collina. Wananchi walipanda juu ya mapaa wakawarushia askari vigae, na kwa kitambo askari walirudi nyuma. Sulla akashika mwenge mwenyewe, akaamuru nyumba zichomwe na wapiga upinde warushe mishale ya moto. Marius na Sulpicius walipigana na watu waliookotwa haraka haraka, wakatangaza uhuru kwa mtumwa atakayejiunga nao. Inasemekana walijitokeza watatu. Jioni ile mji ulikuwa mikononi mwa konsuli wake.

Maamuzi, na kwa nini yaliamuliwa

Uamuzi wa Sulpicius wa kumpa Marius vita ndio ninaoulaumu zaidi, ingawa nia yake kuhusu raia wapya ilikuwa njema. Alihitaji watu. Makonsuli walikuwa wamempinga, na hata Pompeius Rufus, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alikuwa amegeuka adui. Marius alikuwa na jina, na alikuwa na wafanyabiashara wa tabaka la wapanda farasi. Kwa hesabu ya siku ile, biashara ilikuwa nzuri: nisaidie kura, nikupe vita. Wala haikukosa mfano. Mwaka 107 KK Seneti ilikuwa imemwachia Metellus vita vya Numidia, wananchi wakapiga kura wakampa Marius, na Metellus akarudi nyumbani kwa uchungu lakini kwa amani.

Kwa nini Metellus alirudi na Sulla asirudi? Askari wa Metellus hawakuwa na la kupoteza, kwa sababu Marius alikuwa anakwenda kwao. Mwaka 88 KK hofu ya askari ilikuwa kwamba jemadari akibadilika, na wao watabadilishwa. Mla ni mla leo. Ushindi waliokwisha kuupata dhidi ya Waitalia haukuwapa shamba wala dhahabu, na dhahabu ilikuwa mashariki. Sulpicius alihesabu kura mjini, akasahau kuhesabu matumbo ya watu wasiopungua makumi elfu kule Nola.

Tena mwaka 107 kura ilipigwa bila damu. Safari hii mtoto wa konsuli alikuwa amelala uwanjani. Sulla aliweza kusema, na hakusema uongo, kwamba sheria iliyopita kwa visu si sheria. Alichofanya baada ya kusema hivyo ni jambo jingine.

Yeye alikuwa na njia tatu. Angeweza kunyamaza, na baada ya aibu ya kujificha nyumbani kwa adui yake huo ungekuwa mwisho wake. Angeweza kungoja mahakama na uchaguzi ujao, lakini jeshi lingekuwa limekwisha kuvuka bahari na Marius. Au angeweza kutumia kile alichokuwa nacho mkononi. Uamuzi wake ulikuwa wa mtu anayeona milango miwili imefungwa. Hilo halimtakasi. Ila linaonyesha kwamba waliomfungia milango hiyo hawakumwachia pa kutokea pasipo fedheha, na mtu mwenye jeshi usimfungie pande zote.

Matokeo

Asubuhi iliyofuata Sulla aliwaadhibu hadharani askari walioiba katika Njia Takatifu, akaweka walinzi mji mzima. Seneti ilitakiwa itangaze watu 12 kuwa maadui wa umma, wauawe popote waonekanapo bila kesi: Marius, mwanawe, Sulpicius na wenzao. Mzee mmoja, Quintus Mucius Scaevola, kuhani aliyesoma ishara za ndege, alikataa. Alisema kwamba hata akionyeshwa askari waliolizunguka jengo, hatamwita Marius adui, mtu aliyeuokoa mji na Italia. Maseneta wengine wakakubali.

Sulpicius alisalitiwa na mtumwa wake akauawa, kichwa chake kikawekwa kwenye jukwaa la wasemaji uwanjani. Sulla alimpa yule mtumwa uhuru kwa kufichua, kisha akaamuru atupwe kutoka mwamba wa Tarpeia kwa kumsaliti bwana wake. Marius alikimbia, akanaswa kwenye vinamasi vya Minturnae, akaachiwa, akavuka hadi Afrika, kwenye magofu ya Karthago.

Sheria za Sulpicius zilifutwa. Ikaamriwa kwamba muswada usipelekwe kwa wananchi kabla Seneti haijauridhia. Kisha Sulla akalirudisha jeshi Campania na kuacha uchaguzi ufanyike, na watu wakamjibu kwa kura: mpwa wake aliyegombea alikataliwa, na Lucius Cornelius Cinna, ambaye hakumpenda, akawa konsuli wa mwaka 87 KK pamoja na Gnaeus Octavius. Sulla alimwapisha Cinna kwa kiapo. Cinna alipanda Capitolium na jiwe mkononi, akaapa kwamba asipotunza urafiki atupwe nje ya mji kama jiwe lile, akalitupa chini mbele ya umati.

Pompeius Rufus alitumwa kulipokea jeshi la Pompeius Strabo kaskazini. Askari wa Strabo wakamwua. Strabo alionyesha kukasirika, kisha akaendelea kuliongoza jeshi kana kwamba hakuna kilichotokea. Konsuli aliyeingia Roma na legioni alikufa mikononi mwa legioni nyingine, mwaka uleule.

Sulla alipovuka kwenda Ugiriki mwaka 87 KK, kiapo cha jiwe hakikudumu. Cinna aliufufua muswada wa makabila, akafukuzwa mjini na mwenzake Octavius, akaenda kwa jeshi lililoachwa Nola. Akasimama mbele ya askari, akavua alama za ukonsuli wake, akalia. Wakamfuata. Marius akarudi kutoka Afrika, wakauzingira mji kwa njaa, wakaingia, na safari hii mauaji yalikuwa mengi kuliko yale ya Sulla. Kichwa cha Octavius kiliwekwa kwenye jukwaa lilelile. Marius akapata ukonsuli wa saba mwaka 86 KK, akafa Januari hiyohiyo.

Sulla alitua tena Italia mwaka 83 KK, na tarehe 1 Novemba 82 KK akashinda kwenye lango la Collina, lilelile. Ndipo zikaja orodha za watu wa kuuawa, majina 520 katika siku tatu za kwanza.

Uchambuzi

Kitu pekee nilichokiona kimefanya kazi mwaka 88 KK ni nidhamu ya Sulla baada ya ushindi. Hakuacha mji uporwe, hakujifanya mfalme, alikubali kushindwa katika uchaguzi. Kuna wanaoutumia ushahidi huo kumwita mlinzi wa katiba. Mimi naona unaonyesha kinyume chake. Mtu yule aliamini kwa dhati kwamba unaweza kuvunja mwiko mara moja, kisha ukaufunga nyuma yako kama mlango. Aliacha sheria mpya za kuilinda Seneti, lakini sheria hizo zilikuwa na nguvu pale tu jeshi lake lilipokuwa. Lilipovuka bahari, zilivuka nalo.

Kilichoharibika kabisa ni mambo mawili yaliyoonekana madogo siku ile. La kwanza ni kumtangaza raia kuwa adui bila kesi. Marius hakuhukumiwa, alifutwa. Baada ya hapo kila mshindi alijua kwamba akishinda anaweza kumfuta mshindwa, na kila mshindwa alijua kwamba kukubali kushindwa ni kufa. Mashindano ya kisiasa yanayoweza kumwua mshindwa hayawezi tena kuwa ya amani, hata wahusika wakiwa watu wema. Scaevola aliliona. Sauti moja katika chumba kizima.

La pili ni lile ambalo hakuna aliyeligusa: askari. Si Sulla, si Marius, si Cinna aliyependekeza kwamba serikali yenyewe iwahakikishie ardhi waliomaliza kazi. Isingekuwa rahisi, kwani fedha za hazina zilikuwa chache baada ya vita, na maseneta wengi walishikilia ardhi ya umma. Lakini ajabu ni kwamba hata wazo hatulisikii. Kila mmoja alinufaika na askari kumtegemea yeye, kwa hiyo kila mmoja aliuacha utegemezi ule kama ulivyo, akidhani ataendelea kuwa yeye anayetegemewa. Cinna alilipa kwa hilo mwaka 84 KK: askari wake mwenyewe walimwua alipowalazimisha wavuke bahari kwenda vitani.

Mfano ukishakuwepo hauhitaji mtetezi. Mwaka 49 KK, vita na Caesar vilipoanza, mwanasiasa Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba Pompeius, mwana wa yule Strabo, alikuwa na maneno aliyoyarudia mara kwa mara: Sulla aliweza, mimi nisiweze? Na huyo alikuwa upande unaojiita wa jamhuri.

Nabaki na muswada wa Sulpicius. Kwa ajili yake watu walipigana uwanjani, kijana wa Pompeius Rufus akafa, na Sulla akaufuta kwa upanga kama sheria haramu. Cinna akaupigania tena na mji ukamwaga damu tena. Sulla alipokuwa anajiandaa kupambana na maadui zake Italia, alifanya mkataba na watu wa miji ile ili wasimwogope: aliwaahidi kwamba hatawanyang'anya uraia wala haki yao ya kura.

Walibaki katika makabila yote 35.